Kila Shimo na Mfukiaji Wake

Jino la utoto likidondoka lenyewe, liokote uligeuze. Mtoto hana haja nalo tena. Kwake limebaki la kurushwa juu ya bati, aombe jipya, akimbilie mchezo wake. Wewe litazame kwa chini. Juu kuna weupe uleule uliokuwa ukitafuna miwa. Chini, pale ambapo pangekuwa na mzizi mrefu wa kulishika kwenye taya, hamna kitu. Kuna kikombe kidogo tu chenye kingo zilizomomonyoka. Na mzizi ulikuwapo. Mtoto wa miaka mitatu akianguka vibaya jino likang'oka, hutoka na mzizi wake mzima. Huyu amefika miaka sita, na mzizi haukutemwa, haukuoza, haukubaki kwenye ufizi. Umekwenda wapi?

Umeliwa. Umeliwa polepole, usiku na mchana, mtoto akiwa shuleni na akiwa usingizini, na seli za mwili wake mwenyewe. Jino jipya lilikuwa linapanda kutoka chini, njia ikahitaji kufunguliwa, mwili ukawaita wabomoaji wake. Seli zilizokula mzizi huo ni ndugu wa zile zinazokula mfupa, na hizo ndizo ninazotaka tuzitafakari hapa: seli ambazo kazi yake yote duniani ni kuuvunja mfupa wa yule yule zinayeishi ndani yake.

Zinaitwa osteoklasti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1873 na Albert von Kölliker, mwanaanatomia Mswisi aliyekuwa akifundisha Würzburg, Ujerumani. Mapema zaidi katika karne hiyo, daktari wa upasuaji wa London, John Howship, alikuwa ameviona vishimo vidogo kwenye uso wa mfupa, lakini aliyeviacha hakujulikana. Ukiitazama osteoklasti chini ya hadubini unaona mara moja kwamba si seli ya kawaida. Seli nyingi za mwili zina kiini kimoja. Hii inaweza kuwa na viini 5, 10, hata 20, kwa sababu imetokana na seli kadhaa ndogo zilizotembea katika damu, zikakutana juu ya mfupa na kuungana kuwa mwili mmoja mkubwa.

Namna inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Inafika juu ya mfupa na kujibana hapo kwa pete iliyoziba pande zote, kiasi kwamba kati ya tumbo lake na mfupa panabaki chumba kidogo kisichopitisha kitu. Upande wake wa chini unajikunja makunyanzi mengi. Kutoka kwenye makunyanzi hayo inamimina tindikali, ya aina ileile iliyomo tumboni mwetu, na tindikali inayeyusha madini ya mfupa, yaani kalsiamu na fosfati. Madini yakiondoka hubaki nyuzi za protini, kolajeni, zilizolala kama zilivyofumwa. Hapo inatoa kimeng'enya kinachozikata nyuzi hizo vipande vipande. Inavimeza vile vipande, inavipitisha mwilini mwake na kuvitoa kwa mgongoni, kwenye njia ya damu. Kisha inajiondoa na kusogea kando. Nyuma yake kunabaki shimo la kina cha unywele mmoja. Ndivyo vishimo alivyoviona Howship.

Mtu akisikia haya kwa mara ya kwanza huguna. Tumezoea kuuona mfupa kama kitu kilichomalizika, nguzo iliyosimamishwa utotoni na itakayobaki hivyo mpaka kaburini. Lakini katika mtu mzima mwenye afya, kama asilimia 10 ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Msomaji unayeushika ukurasa huu kwa mkono uleule ulioshikia kalamu ulipokuwa kijana, mkono ni uleule kwa umbo. Mfupa ulio ndani yake kwa sehemu kubwa ni mwingine.

Kwa nini mwili ujisumbue hivyo? Sababu ya kwanza wahenga walikwisha kuisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila hatua, kila mzigo, kila mruko kutoka kwenye lori unaacha nyufa ndogo mno ndani ya mfupa. Seli zilizofukiwa humo ndani, osteosaiti, zinauhisi ufa na kupeleka habari. Osteoklasti zinakuja, zinakula sehemu yote iliyopasuka mpaka zinafika penye uzima, na papo hapo ndipo panapojengwa upya. Ufa wa mfupa hauzibwi kwa juu; unachimbwa kwanza.

Sababu ya pili ni damu. Moyo haudundi bila kalsiamu, misuli haikazi bila kalsiamu, na kiasi chake katika damu hakiruhusiwi kupanda wala kushuka sana. Mtu mzima ana karibu kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Chakula kikikosa, tezi ndogo nne za shingoni zinatoa homoni, na osteoklasti zinaamshwa ili zitoe katika mfupa kile ambacho sahani haikuleta. Moyo unalishwa, mfupa unakopwa.

Asiyeamini aende sokoni Mubi, huku kwetu Kivu Kaskazini, kwenye barabara ya Walikale, awatazame akina mama wanaoshuka kutoka mashambani. Mmoja wao ana mkungu wa ndizi na kuni mgongoni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, na mtoto amefungwa kifuani akinyonya huku mama akitembea. Kila siku maziwa ya mama huyo yanabeba kama miligramu 200 za kalsiamu kwenda kwa mtoto, pengine zaidi. Kabla ya hapo, tumboni, alikwisha kumpa gramu kama 30 za kujengea mifupa yake ya kwanza. Kwa miezi ya kunyonyesha, osteoklasti katika uti wa mgongo na nyonga za mama zinafanya kazi kwa nguvu. Anaweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 ya mfupa wa sehemu hizo, na wengine zaidi. Mgongo unaobeba mkungu ndio huohuo unaoyeyushwa kuwa maziwa. Mtoto akiachishwa, kazi inageuka: wajenzi wanapata zamu yao, na kwa kawaida miezi michache baadaye mfupa umerudi. Ila haurudi kwa upepo. Unarudi kwa sombe, kwa lengalenga, kwa maharage, kwa ndakala na sambaza wanaoliwa wazimawazima na mifupa yao, na kwa maziwa ya Masisi.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana maziwa ya Masisi yana historia yake. Milima ile ya majani mabichi ilijulikana kwa ng'ombe na kwa jibini lake la mviringo, ambalo hadi leo msafiri akitoka Goma hubeba zawadi. Mwaka 1993 mapigano yaliyoanzia katika soko la Ntoto, huku Walikale, yalisambaa mpaka Masisi, na katika miaka iliyofuata ng'ombe wengi waliporwa na kuchinjwa. Huwa tunavihesabu vita kwa wafu na kwa wakimbizi, na ni haki. Lakini kuna hesabu nyingine, ya kikombe cha maziwa ambacho mama hakukinywa, na hesabu hiyo inaandikwa ndani ya mifupa ya watu ambao hawakupigwa hata risasi moja.

Turudi kwenye lile shimo. Osteoklasti imeondoka, nani anafukia? Kwa siku chache uso wa shimo unasafishwa, kisha wanafika wajenzi, osteoblasti, wakiwa wengi na wadogo, kila mmoja na kiini chake kimoja. Wanatandika kolajeni tabaka juu ya tabaka, kisha madini yanaingia na kuigandisha. Kuchimba kulichukua wiki mbili au tatu. Kujenga kunachukua miezi mitatu, minne. Katika kila jambo la dunia hii kubomoa ni kwepesi kuliko kujenga, na mwili haukuikwepa sheria hiyo. Umeipangia tu muda wake.

Lakini jambo lililonishika mimi zaidi ya yote ni hili: wajenzi wanajuaje pa kwenda? Wanaitwa na shimo lenyewe. Mfupa ulipojengwa miaka iliyopita, wajenzi wa zamani walifukia ndani yake, pamoja na kolajeni na madini, protini za kuchochea ukuaji. Zimelala humo bila kazi. Osteoklasti inapochimba, tindikali yake inazifungua zile protini, na hizo ndizo zinazowaita na kuwaamsha wajenzi wapya. Gharama ya kufukia iliwekwa ndani ya ardhi ileile itakayochimbwa. Haiwezekani mchimbaji akachimba bila kuiachilia. Wala mchimbaji haji bila kuitwa: mwaka 1997 na 1998 watafiti waligundua kwamba ishara inayoiamuru osteoklasti kuzaliwa na kufanya kazi hutolewa na seli za ukoo wa wajenzi wenyewe, na kwamba wajenzi haohao hutoa protini nyingine ya kuizima ishara hiyo ikizidi. Anayebomoa na anayejenga wako katika mazungumzo saa zote. Hakuna anayefanya lake.

Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila mazungumzo hayo, kwa kuwa upande mmoja ni bubu. Mwaka 1904 Heinrich Albers-Schönberg, daktari wa Hamburg na mmoja wa waanzilishi wa matumizi ya eksirei, alieleza mgonjwa ambaye mifupa yake ilionekana kwenye picha ikiwa myeupe tupu, mizito, isiyo na nafasi ndani. Watu wakauita ugonjwa wa mifupa ya marumaru. Mtu angedhani ni bahati: mfupa usioliwa na kitu, unaoongezeka tu. Kumbe ni balaa. Osteoklasti zikishindwa kazi, mfupa wa zamani hauondoki, nyufa hazichimbwi, na mfupa mnene kama jiwe unavunjika kama chaki. Ndani yake nafasi ya uboho inazibwa, na kwa kuwa damu hutengenezwa katika uboho, mtoto anapungukiwa damu. Matundu ya fuvu yanayopitisha mishipa ya macho na masikio yanabana, na mtoto anaweza kupofuka au kuwa kiziwi.

Namna tiba ilivyopatikana ni kisa cha kupendeza. Mwaka 1973 mtafiti Mmarekani Donald Walker aliunganisha mzunguko wa damu wa panya mwenye mifupa ya marumaru na wa panya mzima, na mifupa ya mgonjwa ikaanza kuliwa inavyotakiwa. Ikawa wazi kwamba mbomoaji anatoka kwenye damu, ni ndugu wa zile seli zinazomeza vijidudu vya maradhi. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba wamempa mtoto mchanga wa kike uboho wa kaka yake. Walipochunguza mfupa wake baadaye, waliona kwamba osteoklasti zilikuwa na alama ya kiume na osteoblasti zilikuwa zake mwenyewe. Kaka alikuwa anabomoa, dada anajenga, na mtoto akaanza kuona nafuu.

Kwa hiyo asiyetaka kitu chochote kibomolewe, huyo naye anaua. Nafikiria habari hii kila ninapokumbuka mfupa maarufu kuliko yote ya jimbo letu. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua Ishango, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mfupa mwembamba wa mnyama wenye urefu wa sentimita kama 10, uliochongwa mikato midogo kwa safu tatu. Una umri wa miaka 20,000 au zaidi. Wako wanaosema ni hesabu, wako wanaosema ni kalenda ya mwezi. Mabishano yanaendelea, na mfupa wenyewe umewekwa Brussels. Mikato ile tunaisoma leo kwa sababu moja tu: mfupa ulikuwa umekufa. Hakukuwa na osteoklasti ya kuja kulainisha kingo, wala osteoblasti ya kujaza. Kama mchongaji angeukata mkato uleule kwenye mfupa wa mnyama anayeishi, miaka michache ingetosha kuufuta. Kutunza kila alama bila kubadilika ni sifa ya vilivyokufa. Kilicho hai kinasahau ili kiweze kusimama.

Upande wa pili nao una wagonjwa wake, na ni wengi zaidi. Wakati wa kukoma hedhi, estrojeni inapungua. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikizizuia osteoklasti zisizidi. Zinachimba zaidi ya kinachofukiwa, kidogo kila mwezi, na bandu bandu huisha gogo. Koko wa miaka sabini anateleza kwenye matope mlangoni pake, mkono unavunjika, na watu wanasema ameanguka vibaya. Hakuanguka vibaya. Mfupa ulikuwa umekwisha kuchimbwa miaka mingi kabla ya tope. Anayelala kitandani muda mrefu hupoteza mfupa vilevile, kwa kuwa mfupa usiobebeshwa mzigo huhesabiwa kuwa hauna kazi. Wanaanga walio juu, ambako uzito haupo, hupoteza katika nyonga zao asilimia 1 au zaidi kila mwezi.

Na kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho sisi tunaoishi katika nchi za msongamano na njaa tunakijua kuliko wanaanga. Vijidudu vinakaa ndani ya pingili; mwili unapigana navyo, na katika makelele ya vita hivyo ishara ya kuziita osteoklasti inatolewa bila kipimo. Zinakuja kwa wingi na kula pingili mpaka inaporomoka mbele, na mtoto anabaki na kibyongo maisha yake yote. Kijidudu peke yake hakikuuinamisha mgongo ule. Seli halali za mwili, zikitii amri iliyotolewa katika vurugu, ndizo zilizofanya kazi kubwa. Dawa zipo, hutolewa bure na mpango wa serikali wa kifua kikuu, na mgongo unaowahiwa unaokoka. Maumivu ya mgongo ya mtoto yasiyokwisha wiki hata wiki, yakiwa na homa za jioni na kukonda, yapelekwe kituo cha afya kabla ya kupelekwa kwingine.

Nimefika mahali ambapo mtu wa Walikale ameshanitangulia. Tangu mwanzo nasema wachimbaji, mashimo, madini, naye anajua vema anaishi jirani na nini. Kutoka Mubi si mbali kufika Ndjingala, na kutoka Ndjingala, ukiingia msituni kwa miguu, kuna mlima wa Bisie. Kasiterite, madini yanayotoa bati, ilianza kuchimbwa huko mwaka 2002. Maelfu ya vijana walikwenda. Walichimba kwa nyundo na patasi, wakashuka ndani ya mashimo marefu yenye hewa nzito, na wabebaji wakatoka msituni na magunia ya kilo 50 migongoni, mwendo wa siku nzima na zaidi. Kutoka barabarani mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara yenyewe, ukapanda kwenda Goma, na kutoka Goma ukaenda duniani, kuunganisha vipande vya ndani ya simu na redio na kompyuta. Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu Kaskazini ilitoka katika mlima huo mmoja. Wenye bunduki, wenye sare na wasio na sare, walipokezana kukusanya ushuru kwenye njia.

Nani aliwaita wachimbaji? Bei. Bei ya bati hupangwa London, na bei ikipanda huko, kijana wa Mubi anaacha shule huku. Septemba 2010 serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyoondolewa Machi 2011. Katika miezi hiyo biashara za Mubi zilidorora, kwa kuwa mji mzima ulikuwa unakula kutoka kwenye shimo moja. Tangu mwaka 2019 Bisie inachimbwa kwa mitambo na kampuni ya Alphamin, na ni moja ya migodi mikubwa ya bati duniani. Machi 2025, siku chache kabla waasi wa M23 hawajaingia Walikale mjini, kazi ilisimamishwa. Walipoondoka mapema Aprili, ikarudi mwezi huohuo.

Simlaumu mchimbaji. Osteoklasti haina hatia katika kifua kikuu, na kijana mwenye nyundo hana hatia katika habari ya Bisie. Yeye ndiye aliyechoka zaidi na kupata kidogo zaidi. Wala siwaungi mkono wanaosema madini yangeachwa ardhini milele, mlima ubaki marumaru. Watu wanahitaji bati, na Walikale inahitaji fedha. Nauliza swali moja tu, lile ambalo mfupa umelijibu tangu zamani: protini ya kuamsha wajenzi iko wapi? Shimo linapofunguliwa, nini kinatoka ndani yake kinachokwenda kuita shule, daraja, zahanati, mfereji wa maji? Kwa miaka mingi kilichotoka kilipanda ndege kizima kizima. Barabara ya kutoka Goma kupita Masisi iliharibika kiasi kwamba lami ya Kilambo ilifaa zaidi kuwa kiwanja cha ndege.

Wanyanga, wenyeji wa misitu hii, hawakungoja hadubini ili walijue jambo hili. Utendi wao mkubwa ni wa Mwindo, uliosimuliwa mwaka 1956 na mghani Candi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck akishirikiana na msomi Mnyanga Kahombo Mateene. Mwindo anakataliwa na baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, ambaye hakutaka mtoto wa kiume. Anatupwa mtoni ndani ya ngoma, ananusurika kwa shangazi yake, anarudi na wajomba zake, na kwa msaada wa Nkuba, bwana wa radi, anaiteketeza Tubondo yote. Shujaa wa simulizi nyingine angeishia hapo, juu ya majivu, akishangiliwa. Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake aliyekimbia, anamrudisha, kisha anarudi katika mji alioubomoa na kwa usinga wake anawafufua watu wake mmoja mmoja. Na baadaye, alipoliua joka bila kujali lilikuwa na udugu na nani, Nkuba huyohuyo alimchukua juu mbinguni akaonyeshwe mipaka yake. Hapo ndipo anapostahili kuwa chifu. Kwa Wanyanga uwezo wa kuvunja haumtoshi mtu kutawala. Anapimwa kwa alichokirudisha mahali pake.

Madaktari wa mifupa wanaliona jambo hili kila siku. Mtoto wa miaka saba akianguka kwenye mwembe na kuvunjika mkono, mahali palipovunjika hujaa kwanza damu, kisha gegedu laini, kisha mfupa wa haraka haraka, mkubwa na wa ovyo, uvimbe unaoonekana hata kwa macho. Hapo osteoklasti huanza kazi ya miezi na miaka: zinakula kilichozidi upande huu, wajenzi wanaongeza kilichopungua upande ule, mpaka picha ya mkono ule baada ya miaka michache inaweza kumpa tabu hata mtaalamu kuonyesha palipovunjika. Mafundi wetu wa kuunga mifupa wanaifahamu subira hiyo, na wengi wana mikono mizuri. Ila gango likikazwa kupita kiasi damu haipiti, na pasipo damu hafiki mbomoaji wala mjenzi. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, gango lifunguliwe saa hiyohiyo na mtoto akimbizwe hospitali. Goma ina wapasuaji wa mifupa wenye uzoefu mkubwa. Hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000 na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, imefundisha wengi. Tabu ya mtu wa Mubi ni kufika.

Na kufika kunaturudisha kwenye mlima. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, imekwisha kuandika kile ambacho mfupa unakifanya. Katika mrabaha unaolipwa na mgodi, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa sekta au uchifu unaochimbwa, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Hiyo ndiyo protini iliyofukiwa ndani ya ardhi. Imeandikwa, ina tarakimu, na inasomeka na mtu yeyote.

Kwa hiyo, wewe kijana wa Mubi uliyesoma, mwalimu, mchungaji, mama wa ushirika, mkae barzani muulize kila mwaka: asilimia 15 ya sekta yetu ilikuwa kiasi gani, ilipokewa na nani, ilijenga nini, wapi? Muulize kwa upole na kwa karatasi mkononi, na mwaka ujao muulize tena. Mlima utaendelea kuchimbwa mkiuliza au msipouliza.